Jicho la maji mezani: shajara ya mradi, Mtwara

3 Mei

Mradi una sehemu mbili. Ya kwanza ni programu ndogo ya Python inayofuata mwale mmoja mmoja wa nuru kutoka hewani, kupita konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, na lenzi iliyo ndani, mpaka unapotua kwenye retina, utando wa nyuma unaopokea picha. Ya pili ni jicho la mezani: tangi la kioo lililojaa maji, kubwa kiasi cha darasa zima kuona picha ikijitokeza nyuma yake. Wazo la tangi ni la mwalimu wa fizikia wa sekondari moja hapa mjini. Mimi ni fundi miwani. Mchango wangu ni sanduku la lenzi za kupimia, lensmita (kifaa cha kusoma nguvu ya lenzi), mikono, na jioni baada ya kufunga duka.

Kilichotukutanisha ni ule mchoro wa ubaoni. Unachorwa duara, lenzi ndani yake, kisha miale sambamba inayoingia kwa mbele. Miale inavuka konea imenyooka kama vile konea haipo, inafika kwenye lenzi, hapo ndipo inapinda. Mwanafunzi anatoka darasani akiamini kwamba lenzi ndiyo inayofanya kazi na konea ni kioo cha dirisha. Wateja wangu nao wana mchoro huohuo kichwani. Ukimwambia mtu konea yake ndiyo yenye shida, anakuuliza, "Kwani na hiyo nayo inaona?"

Tumekubaliana kwamba jicho letu lioneshe mwale unapinda wapi hasa, na kwa kiasi gani.

7 Mei

Mvutano wa kwanza: tunaanza na jicho la nani? Macho ya hesabu, yaani macho ya karatasini yaliyoandikwa kwa namba tu, yako mengi, na kila mwenye lake alikuwa na sababu zake. Mwalimu anataka la Allvar Gullstrand, daktari wa macho wa Sweden aliyepata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1911 kwa kazi yake kuhusu nuru ndani ya jicho. Jicho lake kamili lina nyuso sita za kupinda nuru: mbili za konea na nne za lenzi, kwa kuwa lenzi aliipa ganda na kiini. Mwalimu anasema tukianza na kubwa, madogo yote yatakuwa ndani yake.

Mimi nimesimamia la Emsley, lenye uso mmoja tu. Uso wenyewe una nusu kipenyo cha milimita 5.55, nyuma yake ni maji matupu, na retina iko milimita 22.22 kutoka mbele. Nguvu yake ya kupinda nuru ni dayopta 60 kamili; dayopta ndicho kipimo cha namba za miwani. Halina lenzi wala vyumba viwili vya maji. Kwa mtu anayetaka kujua kwa nini mteja wa mainasi, asiyeona mbali, haoni ubao, hilo linatosha, na linaingia kwenye daftari la mwanafunzi kwa mstari mmoja.

"Fundi, hilo si jicho, hilo ni tone la maji," mwalimu akanijibu.

Nimeichukua hiyo kuwa sifa. Tunaanza na tone.

10 Mei

Kabla ya kununua kitu, swali ambalo kila mtu huuliza: si tuchukue tu ile chupa ya duara ya maabara, tuijaze maji, iwe jicho?

Haiwezi, na sababu yake inastahili kipindi kizima darasani. Maji yana kipimo cha kupinda nuru cha 1.333, hewa 1. Tufe la maji hukusanya miale ya mbali kwenye nukta iliyo nusu kipenyo kimoja nje ya ukuta wake wa nyuma. Retina ikiwa imebandikwa kwenye ukuta huo, picha inakuwa bado haijakamilika pale. Ili tufe likusanye nuru kwenye mgongo wake lenyewe, linahitaji kutengenezwa kwa kitu chenye kipimo cha 2, na hakuna nyama ya mwili yenye kipimo hicho.

Jicho limelitatua hilo kwa umbo. Konea imechomoza: nusu kipenyo chake ni kama milimita 7.8, wakati jicho zima la duara lina kama milimita 12. Ukiwa na uso mmoja wa maji, nuru hukusanyika umbali wa nusu kipenyo mara nne nyuma ya uso. Kwa 5.55 unapata 22.2, na hilo ndilo jicho la Emsley. Mjomba wangu wa Msimbati, asiyejua Emsley ni nani, aliwahi kuniambia kwamba akifumba jicho na kuligeuza huku na huku anahisi kigongo kinapita chini ya kope. Kigongo hicho ndicho konea.

17 Mei

Vioo vya saa vimepatikana kwenye kabati la maabara, vile visahani vya kioo vilivyobonyea vya kukaushia vitu. Kipo cha upana wa milimita 80 na kingine cha milimita 100. Nimevilaza kifudifudi juu ya kioo bapa na kupima urefu wa mgongo kwa kipimio cha duka: kidogo kimeinuka milimita 12, kikubwa 13. Kutoka hapo hesabu ni ya kidato cha pili: nusu ya upana mara yenyewe, jumlisha kimo mara chenyewe, gawa kwa kimo mara mbili. Kidogo kina nusu kipenyo cha milimita 72.7, kikubwa 102.7.

Kidogo kwa 72.7 ni jicho la Emsley lililokuzwa mara 13 na kidogo. Retina yake itakaa sentimita 29 nyuma. Kikubwa tumekiweka pembeni kwa ajili ya jicho lenye lenzi.

24 Mei

Kijana wa aluminiamu na vioo ametukatia tangi la vioo vya milimita 5, urefu sentimita 45, na tundu la duara kwenye ukuta wa mbele. Tundu ndilo lililokula muda. Kioo kimepasuka, akakata kingine bila kulalamika, akakataa kulipwa kile cha kwanza. Kioo cha saa kimegandishwa kwa silikoni, mgongo ukiangalia nje. Tangi lina kona moja, ya chini kushoto, inayotoa jasho la maji kila likijazwa. Tumeweka kitambaa, tutalirudia baadaye.

Retina ni kipande cha plastiki nyeupe isiyopitisha picha moja kwa moja, kimesimamishwa kwenye reli ya fremu ya dirisha ili kisogee mbele na nyuma ndani ya maji. Rula imebandikwa ubavuni.

31 Mei

Picha ya kwanza. Tumeelekeza tangi kwenye dirisha la darasa, mnazi na ukingo wa paa la bati vikawa nje juani. Plastiki ilipofika sentimita 29, mnazi ukatokea umesimama kwa kichwa, makuti chini, jua likitetemeka kwenye sakafu ya picha. Wanafunzi wakainamisha shingo zao. Mmoja akauliza kwa nini basi hatuoni watu wakitembea dari juu.

Mwalimu hakumpa jibu la haraka, nikampenda kwa hilo. Alimweleza kwamba hata Johannes Kepler, aliyeandika mwaka 1604 kwamba picha hutua kwenye retina ikiwa imepinduka, aliishia kwenye retina na kusema yaliyobaki si ya mwanga tena. Baada yake Christoph Scheiner alikwangua mgongo wa jicho la mnyama mpaka ukabaki utando mwembamba, akaiona picha hiyo iliyopinduka kwa macho yake.

Kisha ikawa zamu yangu. Nimesogeza retina nyuma milimita 17, mnazi ukayeyuka. Hilo ni jicho refu, la mtu asiyeona mbali. Nikashika mbele ya konea lenzi ya −0.25 kutoka kwenye sanduku, na makuti yakarudi moja moja. Dukani −0.25 ndiyo namba ndogo kuliko zote, mteja akiulizwa "hii na ile ipi bora" mara nyingi anabahatisha. Hapa imeonekana na darasa zima kwa sababu tangi limekuzwa mara 13: robo dayopta mbele ya tangi ni kama dayopta tatu na robo mbele ya mtu. Kwa jicho la ukubwa wa kawaida, milimita moja tu ya urefu kuzidi inakupeleka kwenye −2.6 hivi. Mwanafunzi wa mbele mwenye miwani ya −3 akavua miwani yake, akaitazama kwa muda, akauliza kama ina maana jicho lake limezidi kwa milimita moja na ushee. Ndiyo, kama konea yake ni ya kawaida.

9 Juni

Programu sasa inasoma jicho la Le Grand, Mfaransa, lenye nyuso nne. Hizi ndizo namba zilizotoka:

Konea peke yake: dayopta 42.36.
Lenzi peke yake, ikiwa imepumzika: 21.78.
Jicho zima: 59.94.

Wa kwanza kuziona ni mwalimu, na wa kwanza kulalamika. Kujumlisha mbili za kwanza kunaleta 64.14, si 59.94. Iko hivyo kwa sababu nguvu mbili zilizoachana haziongezeki moja kwa moja. Lenzi inaipokea nuru ikiwa tayari imeanza kubanana. Lakini uwiano ndio tulioutafuta: karibu theluthi mbili ya kupinda kote kunamalizika kwenye konea, na sehemu kubwa ya hiyo ni kwenye uso wa mbele tu, pale hewa inapokutana na machozi. Uso huo una dayopta 48. Uso wa nyuma wa konea unarudisha sita.

Lenzi ndani ya jicho imezungukwa na maji pande zote mbili, ndiyo maana haina ubavu mkubwa. Nimeipima hii kwa vitendo. Lenzi ya plastiki ya kawaida ya duka, kipimo 1.498, ikiwa +5.00 hewani, ukiizamisha kwenye maji inabaki na theluthi moja ya nguvu yake. Kazi ya lenzi ya jicho ni nyingine: kubadilika. Thomas Young alionesha mwaka 1801 kwamba ndiyo inayobadilisha umbo tunapohama kutoka mbali kwenda karibu, baada ya kuzamisha jicho lake mwenyewe kwenye maji ili kuifuta konea na kukuta bado anaweza kubadilisha. Na ikishindwa kubadilika, mtu wa arobaini na kitu anakuja dukani akiwa ameshika simu kwa mkono ulionyooka na kusema simu za siku hizi maandishi yamekuwa madogo.

Jambo moja kwenye jedwali la Gullstrand limenifanya nikae nalo jioni nzima. Kiini cha lenzi alikipa kipimo cha 1.406, ganda 1.386. Kwenye toleo lake rahisi, ambapo lenzi yote ni kitu kimoja, aliipa 1.413, kubwa kuliko hata kiini. Ukitazama haraka unadhani ni makosa ya uchapaji. Si makosa: kipimo kinachopanda polepole kutoka ganda kwenda kiini kinapinda mwale njia nzima ndani ya lenzi, si kwenye nyuso tu, kwa hiyo lenzi ya kitu kimoja lazima "ijipandishe" ili kuufikia mpindo huo. Hapa nimeanza kumwelewa mwalimu na nyuso zake sita.

21 Juni

Kusi limechachamaa, mjomba hajazamia wiki hii, amekuja mjini na gunia la mihogo. Alipokuta tangi mezani akauliza swali ambalo nilikuwa nalingoja: kwa nini akifungua macho chini ya maji bila miwani ya kuzamia pweza anakuwa ukungu mtupu, na akivaa anamwona mpaka vikombe vya mikono yake?

Swali hilo tone la Emsley linalijibu kupita kiasi: uso mmoja wa maji ndani ya maji hauna nguvu yoyote, basi jicho limekwisha. Jicho la Le Grand linalijibu sawasawa. Nimebadilisha kwenye programu namba moja tu, hewa 1 ikawa maji 1.333. Konea imeporomoka kutoka 42.36 hadi karibu sifuri, kwa kweli chini ya sifuri kidogo. Lenzi imebaki na 21.78 zake. Picha sasa inakutana zaidi ya sentimita nne nyuma ya retina, nje ya jicho, mbali kuliko urefu wa jicho lenyewe.

Tumeongeza kisanduku mbele ya tangi, ukuta bapa wa kioo umefunika kioo cha saa. Kisanduku kikiwa kitupu, picha ipo. Ukimimina maji, picha inakufa kabla hata hayajajaa: nusu ya chini ya konea inazama kwanza, na mnazi unapauka taratibu mpaka unabaki weupe tu. Mjomba akaamuru nimwage na nijaze tena, mara kwa mara, akicheka. "Kumbe miwani inanipa hewa, hainipi macho."

Ndivyo. Kioo bapa cha miwani ya kuzamia hakina namba yoyote. Kinachofanya ni kuirudishia konea hewa yake. Malipo yake ni kwamba kila kitu kinaonekana karibu kuliko kilipo, kwa robo ya umbali: pweza wa mita mbili anaonekana yuko mita moja na nusu, na kajaa kwa theluthi. Mjomba akasema hilo mwili wake unalijua siku nyingi, mkuki anaurusha mbali zaidi ya anapoona.

Nikamwambia habari ya watoto wa Wamoken, watu wa bahari wa pande za Thailand na Myanmar. Anna Gislén na wenzake kutoka Sweden waliripoti mwaka 2003 kwamba watoto hao wanaona chini ya maji bila miwani vizuri kuliko watoto wa Ulaya, kwa kukaza lenzi mpaka mwisho na kubana mboni, lile tundu jeusi la kuingilia nuru, hadi chini ya milimita 2. Mjomba akataka kujua kama kwa umri wake anaweza kujifunza. Kubana mboni labda. Lenzi ya mtu wa miaka hamsini haikazi tena.

28 Juni

Kama konea haifai majini, samaki anaonaje? Nimekwenda feri asubuhi, nimerudi na changu wawili.

Lenzi ya changu inatoka kwa kisu kidogo na subira. Ni gololi. Haina ubapa wowote. Ukiiweka kwenye sahani inabingirika. Ikiwa mbichi ni angavu kabisa, ngumu katikati na laini kwa nje, inateleza kidoleni. Nimeitumbukiza kwenye glasi ya maji juu ya kipande cha gazeti: herufi zikavimba chini yake hata ikiwa imezama. Lenzi yangu ya +5.00 kwenye glasi ileile haikufanya lolote la maana. Ya pili nimeichemsha na kichwa cha samaki, ikawa ile punje nyeupe ambayo kila mtoto wa pwani ameikuta kwenye mchuzi.

Umbali wa fokasi wa lenzi ya samaki, yaani kutoka katikati yake hadi nuru inapokusanyika, ni kama nusu kipenyo chake mara mbili na nusu. Uwiano huo unaitwa kwa jina la Matthiessen, Mjerumani wa karne ya 19. Nimeuliza programu: gololi ya kitu kimoja ingehitaji kipimo gani kuupata huo ndani ya maji? Jibu ni 1.67. Protini ya lenzi haifiki huko, hata kwenye kiini kigumu cha samaki ni 1.5 na ushee. Samaki anafika kwa mteremko uleule wa Gullstrand, ila mkali zaidi: kiini kizito, nje nyepesi, na mwale unapinda hatua kwa hatua. Nilivyohisi kwa kidole, ngumu katikati na laini kwa nje, ndiyo hesabu yenyewe.

Mwalimu ameomba nizamishe samaki mwingine darasani. Samaki ananunua yeye.

12 Julai

Siku ya kumpa mwalimu haki yake. Swali la leo: kwa nini usiku, mboni ikiwa imefunguka, taa za bodaboda zinaota miiba?

Nimerudi kwenye tone la Emsley na kutuma miale sambamba. Mwale unaoingia milimita 1 kutoka katikati unakata mstari wa kati kwenye milimita 22.02. Retina iko 22.22, si mbaya. Mwale wa milimita 3, ambao unaingia tu mboni ikiwa wazi kama usiku, unakata kwenye 20.28. Karibu milimita mbili nzima mbele ya retina. Mwale huo unapofika kwenye retina umeshavuka na kutawanyika, na doa lake lina upana wa milimita 0.6, sawa na digrii mbili za anga. Mwezi mpevu una nusu digrii. Mwenye jicho hilo angeona nyota moja pana kama miezi minne iliyopangwa mstari. Hata ukiisogeza retina mpaka mahali panapofaa zaidi, doa linapungua kufikia robo hivi, bado ni mwezi mzima.

Hakuna mtu mwenye jicho bovu hivyo. Jicho halisi la kawaida, mboni ikiwa ya milimita 6, kasoro yake ya aina hii ni dayopta moja au chini yake. Tone la Emsley linatoa karibu sita. Kwa swali hili tone halifai, na halifai kwa sababu uso wake ni tufe kamili.

Dawa ya tufe inajulikana tangu 1637, kwa René Descartes. Uso ukiwa na umbo la yai, umebapa kuelekea kingoni kwa kiasi maalumu, miale yote sambamba na mhimili inakutana nukta moja. Kiasi hicho kinategemea kipimo cha kupinda tu: moja gawa kwa kipimo mara chenyewe. Kwa 4/3 ni 0.5625. Nimekiingiza kwenye programu, na miale ya milimita 1, 2 na 3 yote ikatua 22.22. Nilifurahi kuliko inavyompasa mtu mzima.

Konea ya mtu nayo imebapa kingoni, ila haifiki huko. Navarro na wenzake wa Hispania, kwenye jicho lao la 1985, waliipa 0.26, karibu nusu ya safari. Sehemu iliyobaki inabebwa na lenzi, yenye nyuso zilizobapa zaidi na mteremko wake wa ndani. Na iris, lile pazia la rangi linalozunguka mboni, ndiyo mlinzi wa mwisho: mchana mboni ikiwa milimita 2 hadi 3, miale ya pembeni haiingii kabisa.

Ikibana zaidi ya hapo, shida inageuka. Mboni ya milimita 2 inatawanya nuru yenyewe kwa kiasi cha dakika moja ya pembe (sehemu ya sitini ya digrii) na kidogo, kwa kuwa nuru ni mawimbi. Dakika moja ya pembe ndiyo unene wa mstari wa herufi ya 6/6, ya mtu anayeona kawaida, kwenye chati ya Snellen, ile ya herufi ya kupimia macho, na kwenye retina ni karibu mikroni 5, yaani elfu tano za milimita kwa milioni. Chembe za kuona za katikati ya retina ziko mikroni 2.5 hivi kutoka moja hadi nyingine. Mbili kwa kila mstari wa herufi. Sioni jinsi mtu angeweza kuzipanga kwa ubahili bora zaidi.

Rangi tumeipitia haraka. Maji hupinda buluu zaidi ya nyekundu, na kati ya ncha mbili za upinde wa mvua jicho linatofautiana dayopta kama 2. Dukani tunaitumia kila siku bila kuisema: ile chati ya nusu nyekundu nusu kijani, yenye tofauti ya karibu nusu dayopta, inayotuambia kama mteja amepewa mainasi kupita kiasi.

2 Agosti

Kioo cha saa kikubwa kimewekwa, na nyuma yake, sentimita 8 ndani ya maji, lenzi ya +5.00 isiyokatwa. Hili sasa ni jicho la Le Grand kwa ukubwa wa mara 13. Hesabu ilisema retina ikae kwenye sentimita 31 na nusu, na mnazi umetokea hapohapo, au karibu kiasi ambacho jicho langu halikubishana na rula.

Jaribio la leo ni mtoto wa jicho. Tumechomoa lenzi kabisa, kama zamani kabla ya lenzi za kupandikiza. Picha imekimbia nyuma hadi kama sentimita 41, karibu na mwisho wa tangi. Kisha lenzi ya +1.00 mbele ya konea, hewani: mnazi umerudi. Kwenye jicho la kweli hiyo ni +13 ikikaa juu ya konea, au kama +11 ikikaa kwenye fremu. Wazee wachache bado wanakuja na miwani hiyo, mizito mpaka inaacha alama mbili puani, na kupitia kwake uso wa mtu unajaa mlango. Mwaka 1949 Harold Ridley, London, aliweka lenzi ya kwanza ya plastiki ndani ya jicho, baada ya kuona kwamba vipande vya kioo cha plastiki cha ndege za kivita vilivyowaingia marubani machoni havikuzusha madhara makubwa. Leo lenzi ya kupandikizwa ya mtu wa kawaida ni dayopta 20 na kitu, na daktari anaipata kwa kupima urefu wa jicho na mpindo wa konea, vitu vilevile viwili tunavyovisogeza hapa mezani.

Mama mmoja anayesubiri upasuaji alikuwepo, alikuja na mjukuu wake. Aliangalia tukichomoa na kurudisha, akauliza, "Mwanangu, hiyo watakayoniwekea nitakuwa naivua usiku?" Hapana mama, hiyo inakaa.

23 Agosti

Hali ilivyo. Programu inaendesha macho matatu: la Emsley, la Le Grand, na la Navarro kwa rangi moja tu. La Gullstrand lenye nyuso sita limeandikwa nusu. Mwalimu ameniomba nisiliguse, anataka alimalize yeye na wanafunzi wawili wa kidato cha nne. Nimekubali kwa sharti kwamba darasani liingie la mwisho, baada ya swali linalolihitaji. Amesema tutaona.

Rangi za Navarro zinangoja. Mteremko wa lenzi ya samaki unangoja zaidi, kwa kuwa kufuata mwale unaopinda njia nzima kunataka programu ya namna nyingine, hatua fupi fupi, na kompyuta mpakato yangu inapata joto kwa hizi tulizonazo.

Sekondari moja ya Newala imeomba tangi. Litasafiri likiwa tupu, vioo vya saa vimefungwa pembeni kwenye taulo, lenzi mfukoni mwangu. Inabidi liende Septemba, Oktoba kila mtu yuko kwenye korosho. Kona ya chini kushoto ikatwe silikoni yote ipakwe upya kabla ya hapo. Kijana wa aluminiamu amesema Jumanne.